Historia ya Hannah Wakesho, Aliyejua Nani Angeshinda

Ndugu waombolezaji, jamaa, marafiki na majirani, naitwa Levi Mwakio, mdogo wa marehemu, na kwa niaba ya familia nasoma maisha ya dada yetu Hannah Wakesho kama alivyoyaeleza mwenyewe wodini, na pale ambapo karatasi zilikuwepo tumezilinganisha na maelezo yake.

Hannah alizaliwa Wundanyi, Taita, tarehe 3 Juni 1966 kwa mujibu wa kadi ya ubatizo, ingawa pasipoti yake inasema 1969, na kwa kuwa fomu ya pasipoti ilijazwa na wakala aliyemtafutia kazi, tumeifuata kadi. Alisoma huko huko, akamaliza kidato cha nne mwaka 1984, akawa mpishi katika shule ya bweni mjini Voi, na tarehe 9 Mei 1993 akafika hapa Maskati, Omani, nyumbani kwa Bwana Taimur na mkewe Bi Buthaina, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kumtunza Bi Nunu, mama yake Bi Buthaina, mzaliwa wa Unguja.

Kila Jumatatu baada ya Alasiri Bi Nunu alitazama mieleka kwa televisheni ya antena, kwa sababu Bwana Taimur hakutaka dishi nyumbani, na Hannah, aliyeketi naye, hakuamini hata pigo moja. Alimwambia, "Bibi, hawa wanaigiza tu, hiyo ngumi haijamfikia," na Bi Nunu akajibu, "Nyamaza wee, damu ile huioni? Au nayo sharubati?"

Kwa kuwa hakusadikiwa, mwaka 1996 Hannah alianza kutaja mshindi kabla ya pambano, akapatia wiki tisa mfululizo, hata wiki ambayo bingwa aliangushwa na mtu asiyejulikana, na nyumba ikaanza kumwangalia. Bi Buthaina alimwambia mumewe, Hannah akisikia kutoka jikoni, "Kazi yake safi, sina neno, lakini nnamwogopa. Nani anamwambia? Huyu ana jini." Akaacha kumwachia watoto wake, Aws na Fajr, akamwita maalimu amtengenezee kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya mawaridi ili anywe, na Hannah alipokataa kunywa, kwa kuwa ni Mkristo, hilo likachukuliwa kuwa ushahidi, akakatiwa tiketi ya kurudi Kenya kwa ndege ya tarehe 25 Agosti.

Ukweli ulikuwa mfupi. Kanisa letu hukutana Ijumaa, siku yake ya mapumziko, na baada ya ibada Hannah alikwenda Mawaleh, kwenye chumba cha Elijah Mwadime, fundi wa majokofu katika soko la mboga, ambako wafanyakazi walikuwa na dishi lililoonyesha mapambano yale yale siku tatu kabla. Kusema hivyo kungemwondolea jini, lakini nyumba ingejua kwamba anakwenda chumbani kwa mwanamume asiye mumewe, na wasichana wengine wa kazi walikuwa wamerudishwa kwao kwa kosa hilo bila kupewa hata siku ya kufungasha. Akachagua jini.

Tarehe 12 Agosti alitaja kwa makusudi mtu ambaye alijua atashindwa, akidhani kwamba akikosea watamwacha. Bi Nunu aliwatoa watu chumbani, akasema, "Mimi mieleka nnaijua. Anayeanguka kabla hajaguswa nnamwona, miaka yote, nnanyamaza kwa raha yangu tu. Leo umejiangusha mwenyewe. Niambie." Hannah akamweleza yote, na Bi Nunu, baada ya kuuliza kama huyo fundi ana nia ya kuoa, akamwapisha asimwambie Bi Buthaina, kwani binti yake, alisema, atavumilia jini lakini mwanamume hatamvumilia. Kisha akamwambia binti yake, "Huyu haendi popote, nnamtaka mimi," bila kutoa sababu, na tiketi ikarudishwa. Shahidi mwingine wa maneno haya hatuna, kwani Bi Nunu alifariki Desemba 1999.

Hannah na Elijah walifunga ndoa hapa Ruwi, Ijumaa tarehe 20 Februari 1998, wakajaliwa binti mmoja, Abigail, mwaka 2001. Mwaka 2000 Hannah alikuwa amehamia kazi ya dobi katika hoteli ya Bustan, kwa barua ya ruhusa ya kubadili mwajiri iliyotiwa saini na Bi Buthaina, ambaye aliiweka mezani badala ya kumpa mkononi.

Aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo Januari 2006, akafariki Jumatano tarehe 14 Machi 2007, saa nne asubuhi, mumewe akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mawaleh, wenzake wa chumba cha dobi, na Bi Buthaina, aliyefika wodini kila siku kwa wiki sita, akasimama mlangoni, akauliza hali na kuondoka. Bi Buthaina, upo nasi leo, umekaa nyuma kabisa. Siku mbili kabla ya kufariki, Hannah alisema kwamba kiapo alichomlia mama yako kilikuwa cha maisha yake, na maisha yakiisha kimeisha, akaagiza usomewe haya mbele ya watu. Hakuwa na jini. Alikuwa na Elijah. Jeneza liko wazi, nafasi ya mbele tumekuwekea.

Nenda salama, Wakesho, ulale bila kuchungwa.