Yaspi ni Rangi Gani?

Benchi la Fundi Vioo si benchi, ni kreti. Vioo viliwahi kuja ndani yake, vikauzwa, kreti likabaki mlangoni pa duka. Ubavuni limeandikwa UPANDE HUU JUU kwa herufi nyekundu, pamoja na mshale, na mshale wenyewe unaelekea ardhini. Ndiyo kusema watu wanaokaa hapo kila alasiri wamepinduka siku nyingi bila kujijua, na ukiwasikiliza wakibishana utaona kreti limesema kweli. Wako wanne. Fundi Vioo mwenye duka, mtu wa vidole vyenye plasta. Profesa, kinyozi wa mlango wa pili, aliyefeli kemia mara tatu na kwa hiyo, kwa hesabu yake, ameisoma kuliko waliofaulu. Sufuria, anayeyeyusha alumini chakavu na kuitoa vyombo vya jikoni, na ndiye aliyetengeneza birika la kahawa la kijiwe. Birika hilo linavuja. Na Katibu, tarishi mstaafu, ambaye tangu aache kazi hajaweza kukaa mahali bila kufungua kikao.

Ijumaa hiyo Fundi Vioo alikuwa na kesi. Kanisa la mtaa wa nyuma lilikuwa limempa kazi ya dirisha la ubavuni: vipande kumi na viwili vya kioo cha rangi, vipangwe kama yale mawe ya thamani ya misingi ya mji wa mbinguni yanayotajwa kwenye Biblia, jiwe la kwanza chini kabisa, la mwisho juu. Kumi na moja alikwisha kuvikata, vimelala juu ya blanketi hapo mlangoni, kila kimoja na jina ambalo mkewe alikibandika. Rangi zilipatikana kwa kura. Hakuna aliyewahi kuiona zabarajadi, basi ikapigiwa kura ikatoka kijani kibichi, kwa kuwa shangazi yake Sufuria alikuwa na kitambaa cha kichwa cha rangi hiyo na alikuwa mtu wa sala. Hiakintho ikawa kahawia kwa kura mbili kwa moja, Profesa akisusa kwa sababu za kisayansi. Likabaki jiwe moja tu, yaspi, la kwanza kabisa, na hapo kura zilisimama mbili kwa mbili, nyekundu na kijani.

Kazi yenyewe isingemkosesha usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba chini ya dirisha lile ndipo anapokaa mama mkwe wake. Mama huyo alimpa binti bila kinyongo, lakini tangu harusi mpaka wajukuu hajasifu kazi ya mikono ya mkwewe hata mara moja. Akipita dukani huuliza, "Mwanangu, bado unavunja vioo?" kisha huenda zake. Na Jumapili dirisha lilikuwa linazinduliwa.

– Nataka neno moja tu jema kutoka kwake, Fundi Vioo akawaambia wenzake, akiegemea vioo vilivyosimamishwa ukutani nyuma yake. – Moja. Baada ya hapo hata nikifa sawa.

– Usife, akasema Sufuria. – Kahawa ya kesho ni zamu yako.

– Kikao kimefunguliwa, akasema Katibu. Magotini alipakata Biblia iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, mafundo mawili. – Ajenda ni moja: yaspi ni rangi gani. Kitabu ninacho, ila utaratibu wa kijiwe ni ule ule. Mikono yenye kahawa haikigusi.

– Basi tunawe, akasema Fundi Vioo.

– Tukienda kunawa kahawa itapoa.

Hoja ikapita bila kupingwa.

– Wala hatuhitaji kukifungua, akasema Profesa, akikung'uta begani nywele za mteja wake wa mwisho. – Rangi ya jiwe ni kemia. Ukijua lina nini ndani, umeijua rangi yake. Chukua yakuti nyekundu. Ni alumini na oksijeni, basi. Halafu inaingia kromi kidogo, ile inayong'arisha bampa za magari, jiwe linakuwa jekundu.

Sufuria akaweka kikombe chini.

– Rudia hapo mwanzo.

– Alumini na oksijeni.

– Alumini hii hii? Hii yangu?

– Hiyo hiyo. Na yakuti samawi ni ndugu yake. Yeye ameingiwa na chuma na titani, akawa bluu.

– Kwa hiyo, akasema Sufuria polepole, kama mtu anayesomewa wosia, – msingi wa pili wa mbinguni ni sufuria.

– Sikusema hivyo.

– Umesema! Katibu, andika. Miaka yote mke wangu ananiambia nina kazi ya makopo, kumbe nina kazi ya wafalme! Kuanzia kesho vyombo vyangu havipunguzwi bei.

– Birika lako linavuja, akasema Katibu.

– Linavuja kwa sababu asili yake ni mbinguni. Halijazoea hali ya huku.

– Chanda chema huvikwa pete, akasema Katibu, – na chanda kibaya hushika birika la moto.

Fundi Vioo hakucheka. Mkononi alikuwa na kipande cha kioo chekundu, akikigeuza huku na huku.

– Profesa, yaspi.

– Nakuja huko. Yaspi, akiki, kalkedoni, sardoniki, krisopraso, amethisto. Hao sita ni ukoo mmoja: silikoni na oksijeni. Kwa lugha ya nyumbani, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga.

– Mchanga!

– Mchanga uliotulia.

Moyo ukamruka Fundi Vioo. Kioo nacho hutoka kwenye mchanga, hilo alilijua tangu siku ya kwanza ya ufundi. Akasimama wima na plasta zake.

– Basi kioo changu na yaspi ni ndugu! Mtu akisimama Jumapili kusema nimeweka vioo badala ya mawe, namwambia hawa ni baba mmoja, mama mmoja!

– Baba mmoja, mama mbalimbali, akasema Profesa. – Kioo kiliyeyushwa kikapozwa mbiombio, hakikupata nafasi ya kujipanga ndani. Jiwe lilijipanga taratibu.

– Haraka haraka haina baraka, akasema Katibu.

Wote wakamgeukia. Ilikuwa mara ya kwanza methali yake kukaa mahali pake.

– Samahani, akasema Katibu. – Imenitoka. Lakini nina taarifa nzito. Yule mjenzi mpumbavu, kwenye mfano, alijenga nyumba yake juu ya nini?

Fundi Vioo akaketi tena.

– Juu ya mchanga, akasema Fundi Vioo kwa sauti ndogo.

– Na Profesa ametuambia nusu ya misingi ya mbinguni ni mchanga. Kwa hiyo ama mbingu itaanguka, ama kemia imekosea.

– Kemia haijawahi kukosea, akasema Profesa.

– Wewe ilikukosa mara tatu.

– Tulieni, akasema Sufuria, ambaye tangu apandishwe cheo alikuwa amebadilisha hata namna ya kukaa. – Ndiyo maana katikati wametia alumini. Huyo ni mhandisi anayejua kazi. Mchanga peke yake ni balaa, ila ukiuchanganya na sufuria, haupasuki. Mimi naona hata mvua ikinyesha kule, inapigia muziki.

– Usipoziba ufa utajenga ukuta, akasema Katibu. – Mbinguni walichelewa kuziba ufa, ndiyo sababu kuna ukuta mkubwa namna ile.

– Tazameni mbali zaidi, akasema Profesa, macho yakimwaka. – Almasi ni kaboni. Mkaa ni kaboni. Mwili wa binadamu umejaa kaboni. Mtu akikandamizwa vya kutosha, kwa muda mrefu, kisayansi hakuna kinachomzuia kuwa almasi.

– Mimi nimekandamizwa na mama mkwe tangu harusi, akasema Fundi Vioo, – na mpaka leo ni mkaa.

– Hajaongeza moto, akasema Sufuria.

– Jamani, rangi! Dirisha ni Jumapili.

– Sawa, akasema Profesa. – Yaspi ikiingiwa na kutu ya chuma inakuwa nyekundu.

– Si niliwaambia? akasema Fundi Vioo, akikiinua kile kipande chekundu.

– Ila ipo ya kijani pia. Na ya manjano. Na ya kahawia. Inategemea na uchafu ulioingia.

– Kwa hiyo kemia inasemaje?

Profesa akakohoa.

– Kemia inasema inategemea.

– Kemia hiyo hata mimi ningefaulu, akasema Sufuria.

Wakapiga kura tena. Mbili kwa mbili. Katibu alikuwa anapendekeza wairushie shilingi, kreti lilipolia kwa wote wanne kusimama kwa mpigo. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yao, kikapu mkononi, miwani puani.

– Shikamoo mama, wakasema kwa pamoja, kama darasa.

– Marahaba wanangu. Kaeni.

Hakuna aliyekaa. Yeye akainama juu ya blanketi, akavitazama vile vipande kimoja kimoja, tangu yakuti samawi mpaka amethisto. Fundi Vioo alimtazama akitazama. Alikuwa baba wa watoto wakubwa, lakini kile kipande chekundu alikificha mgongoni kama mtoto.

– Ndivyo hivi vya dirisha?

– Ndivyo, mama. Bado kimoja. Hicho tunakifanyia utafiti.

– Na vyote ni vya rangi?

– Vyote, mama. Vizito kabisa, aliongeza kwa fahari. – Hata jua la mchana halipenyi ovyo.

Mama akanyoosha mgongo.

– Mimi pale ndipo ninaposomea. Taa za mle ndani na macho yangu haya haviivani, dirisha ndilo lilikuwa linanisaidia. Sasa, mwanangu, mkishaliziba na rangi, nitasoma kwa mwanga gani?

Profesa alifungua kinywa, akatafuta elementi, hakuipata, akakifunga. Sufuria alilinyanyua birika ili mikono ipate kazi. Likatoa tone moja, na hilo tone likaangukia kiatu chake. Fundi Vioo alishikwa na aibu mpaka masikioni. Dirisha lile alilipima urefu, akalipima upana, akarudi kulipima tena, na siku zote hizo hakumpima mtu anayekaa chini yake. Alitaka mama amsifu, na alikuwa anakwenda kumfungia kitabu.

– Kahawa imekwisha, akasema Katibu, kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea. – Utaratibu unaruhusu.

Akafuta vidole kwenye suruali, kisha kwenye leso, akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akaitoa Biblia. Alipekua mpaka mwisho mwisho, kidole kikishuka ukurasani. Kikasimama.

– Jamani.

– Nini?

– Ipo. Juu kidogo tu ya pale yanapotajwa mawe. Inasema mji ule uling'aa kama yaspi, safi kama bilauri.

– Ndiyo nyekundu au kijani? akauliza Sufuria.

– Si nyekundu wala kijani. Haina rangi. Unaona mpaka ng'ambo.

Fundi Vioo aligeuka taratibu akatazama alichokuwa amekiegemea alasiri nzima: vioo vyeupe vya madirisha, vile vya kila siku, vimejaa ukuta mzima. Alimvutia mama kreti, akampangusia mahali.

– Kaa hapa, mama. Shika kitabu cha Katibu kama unavyokishika kanisani. Usikiinue kwa ajili yangu.

Akapiga magoti na futi yake, akapima kutoka ardhini mpaka kitabuni. Jiwe la kwanza ndilo linalokaa chini kabisa, na chini kabisa ndipo kitabu kilipofika. Akachomoa kioo cheupe, akakilaza mezani, akaweka rula, akapitisha kikatio mara moja. Kisha akakishika pande mbili kwa vidole vyake vya plasta, akakibonyeza. Kikaachana kwenye mstari kwa mlio mdogo, bila chenga.

Mama alikuwa ameinuka kumfuata mpaka mezani. Akakichukua kile kipande, akakiinua usoni, akawatazama kupitia humo wote wanne, mmoja mmoja, akimalizia na mkwewe. Hapo macho yalikaa kidogo.

– Miaka yote nikidhani unavunja tu, akasema. – Kumbe, mwanangu, unavunja kwa adabu.

Akamrudishia kipande, akachukua kikapu chake, akaenda zake.

Kijiwe kilimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona.

– Ndilo neno lenyewe hilo, akauliza Sufuria, – au tusubiri jingine?

– Ndilo hilo, akasema Fundi Vioo, akijifuta macho kwa upande wa mkono usio na plasta.

– Machozi, akaanza Profesa, – ni maji na chumvi. Na chumvi yenyewe ni sodiamu na...

Katibu akafunga kikao.