Mluzi wa Mama

Msusi alijifanya anatazama nje, lakini masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele, walikokaa dada mtu mzima na mdogo wake, fundi wa muziki. Basi lilikuwa linawapeleka wawili hao kwenye harusi, na wimbo alioimba marehemu mama yao ungepigwa huko ukumbini.

"Dada, wimbo ulibanwa uwe mdogo ili upite kwenye simu," fundi alisema, "na wimbo ukibanwa, sauti nyembamba za juu ndizo hutupwa. Programu ya kompyuta yangu imezirudisha."

"Imezitoa wapi, kama zilitupwa?"

"Inakisia. Imesikiliza waimbaji wengi."

"Ndiyo maana. Mama alikuwa na pengo mbele, akiimba 'sisi' mluzi unamtoka. Huyu wako ameota meno kaburini."

Msusi akameza kicheko. Fundi hakucheka. "Kwenye ule wa zamani Mama anasikika kama kafunikwa blanketi, dada."

"Kafunikwa, lakini ni yeye."

Basi likasimama mbele ya ukumbi. "Sasa nipige upi?" fundi akauliza. Dada akashuka, na msusi, ambaye kituo chake kilikuwa bado mbali, akajikuta amesimama kuwafuata, mkoba begani.