Vifaranga Chumbani kwa Mama

Benchi lilikuwa nje ya duka la kinyozi, ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umesuguliwa na suruali za watu mpaka ukang'aa kama umepakwa mafuta. Mama Kahawa aliweka jiko lake mwisho wa benchi, akawa anamimina na kusikiliza. Kinyozi mwenyewe, waliyemwita Wembe, hakuwa mtu wa kukaa. Alinyoa mlangoni huku akibishana na walio nje, na wateja wake walishajifunza kujishikia vichwa. Pembeni alikaa fundi viatu, ambaye kwa miwani yake na sauti yake ya kuhutubia walimbatiza Profesa. Asubuhi hiyo wote waligeuza vichwa kwa mpigo. Cheche, mchomeleaji wa vyuma mwenye karakana ng'ambo ya barabara, alikuwa anakuja amekumbatia boksi lenye matundu, na boksi lilikuwa linalia.

— Cheche, umebeba nini hicho?

— Vifaranga.

— Wa nani?

— Wangu. Naanza kufuga.

— Wewe? akasema Profesa. Wewe unayeunguza hata uji?

— Siwapiki, Profesa. Nawafuga.

Boksi likatuliwa katikati ya benchi. Mama Kahawa akainua kifuniko, akashika mdomo. Ndani ilikuwa kama pamba iliyoota midomo, ya manjano na nyeusi, inasukumana.

— Jamani, hawa si wametoka yaini sasa hivi?

— Muuzaji kasema juzi tu.

— Basi wanataka joto, Wembe akadakia kutoka mlangoni. Mama hawana. Watundikie balbu.

— Balbu ya rangi gani? akauliza Profesa.

— Balbu ni balbu, bwana.

— Ndivyo mnavyoua viumbe. Nyeupe inawanyima usingizi. Wakikosa usingizi wanapata hasira. Wakipata hasira wanadonoana. Nyekundu, Cheche! Nyekundu wanadhani jua linazama, wanatulia.

— Shemeji yangu yeye aliwawekea redio, Wembe akasema. Asubuhi muziki wa polepole, mchana taarifa ya habari. Wakanenepa hao!

— Taarifa ya habari inenepeshe kuku? Mama Kahawa akacheka. Mimi nikiisikia chakula hakipiti.

— Kwa sababu wewe unaielewa.

— Redio si kitu, akasema Profesa. Dawa ni kioo. Kuku akijiona anadhani wako wengi, anakula kwa kushindana.

— Kioo ninacho cha zamani, akasema Cheche. Kimepasuka kona tu.

— Kilichopasuka hapana! Akijiona ana vichwa viwili ataacha kula kabisa.

Mama Kahawa alicheka mpaka vikombe vikagongana kwenye ndoo. Cheche hakucheka. Alikuwa anafunika boksi taratibu, kwa vidole vilivyojaa makovu ya moto.

— Na banda umeweka wapi? akauliza Mama Kahawa, akijifuta machozi.

— Banda bado. Kwa sasa watakaa chumbani kwa mama.

Kicheko kikakatika. Mama yake Cheche walimjua kwa kusikia tu. Walimwona mara moja tu, siku alipoletwa, mwanawe akimbeba kumtoa garini, mwepesi kama nguo iliyoanuliwa. Tangu hapo hakuna aliyemwona hata mlangoni.

— Mgonjwa unamwekea kuku chumbani? Mama Kahawa akauliza kwa upole. Vumbi lile, harufu ile?

Cheche akakaa. Kazi yake ilikuwa imemzoesha kuzungumza nyuma ya ngao ya uso, maneno machache, na bila kutazamwa. Sasa alitazama boksi.

— Si mgonjwa. Mguu ulishapona. Daktari kasema atembee, yeye hataki. Ameugeukia ukuta. Nikimpelekea chakula anaonja, ananiambia, asante baba, nirudishe kwangu. Na kule kwake hayupo mtu. Aliangukia uani, akalala palepale mpaka jirani akamsikia.

Wembe aliweka mkasi chini. Cheche akaendelea.

— Juzi nilikuwa nimemshikia kijiko. Akaniangalia, akasema, mimi nilikuwa napika kwenye sufuria la kupanda ngazi. Basi, akageuka. Mama yangu alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Watoto wa watu amewalisha kwa mkono ule mpaka wakaota ndevu. Nikatoka nje, nikajifanya nakagua bomba.

Akalivuta boksi karibu naye.

— Nikawaza, huyu ugonjwa wake ni kukosa wa kumlisha. Ndiyo nikaenda kuwachukua hawa.

— Alishawahi kufuga? akauliza Wembe.

— Hata siku moja. Wala mimi. Wakifa, nitakuwa nimempelekea misiba chumbani.

Profesa alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akairudisha ikiwa na ukungu zaidi.

— Redio tuiache kwanza, alisema. Tutafute balbu.

Siku hiyo benchi zima lilihamia kazini. Wembe alitoa balbu na waya wa dukani kwake, mteja akabaki nusu kichwa. Profesa alikwenda kwa seremala kuomba maranda ya mbao, akayapepeta mwenyewe ili vumbi litoke. Mama Kahawa alileta vifuniko vya makopo viwe vya chakula, na bakuli la maji. Cheche akachomelea fremu fupi, akaizungushia wavu, akaiweka kwenye kona ya chumba ambapo mtu aliyelala anaiona bila kuinua shingo. Kama hakulala ameangalia ukuta.

Mama yake aliitazama mara moja.

— Kelele hizo, alisema, akageuka.

Kila asubuhi Cheche alipovuka barabara, benchi lilimpokea kwa swali moja.

— Amegeuka?

— Hajageuka.

— Kuku wanakulaje?

— Kuku wanakula.

Ikaja siku ya mvua kubwa, mvua ya baridi. Mchana Cheche alikuwa anaunga geti, mashine ikazimika mkononi. Barabara nzima ikanyamaza, umeme umekatika. Mawazo yake ya kwanza yalikuwa kwa mwenye geti. Ya pili yakamnyanyua: balbu! Benchi, lililojibana chini ya paa la Wembe, lilimwona akikatiza kwenye madimbwi, ngao ya uso ikiwa bado kichwani, na Profesa akamfuata mbio na kiatu cha mteja mkononi.

Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi nusu. Kitanda kitupu.

Cheche alisukuma mlango. Aliona tena uani kule, mtu amelala chini, hakuna anayemsikia. Kisha akasikia blanketi likilia pyu-pyu. Mama alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, miguu ameinyoosha, blanketi mapajani, na blanketi lote linatembea.

— Umechelewa, alisema. Walikuwa wamerundikana kona moja, wa chini wanakanyagwa. Chemsha maji, uyatie kwenye chupa, uzifunge vitambaa, tuziweke katikati yao.

— Mama, umeshukaje hapo?

— Nimeshuka. Na nani kakwambia uwape maji kwenye bakuli lenye kina vile? Mmoja nimemtoa ameloa chapachapa. Weka kokoto ndani, wasimame wanywe.

Cheche akabaki wima, maji yanamchuruzika kwenye nyusi, Profesa akihema nyuma yake mlangoni. Miezi mingapi alikuwa hajagombezwa? Alitamani agombezwe tena.

— Umesimama nini? Maji hayajichemshi.

Kesho yake habari ilipofika benchini, ilipanda bei kila ilipopita mdomoni.

— Mama yule angepewa wodi nzima, alisema Mama Kahawa.

— Wodi? Profesa akaruka. Apewe hospitali! Mtu ambaye jana hawezi kushuka kitandani, leo ameatamia boksi zima!

— Wale wakikua watamfuata sokoni wamejipanga mstari, akasema Wembe. Mtaona. Akisema kulia, kulia. Akisema simama, wote mguu juu.

— Na kuku wa mapajani anaelewa maneno, Profesa akashusha sauti. Nakwambia kweli. Cheche, mwambie mama asizungumze siri mbele yao.

Lakini haikuwa raha tupu. Wiki iliyofuata baadhi ya vifaranga walizubaa, wakashusha mabawa, na asubuhi hawakuamka. Cheche aliwafukia nyuma ya nyumba, na aliporudi alimkuta mama ameugeukia ukuta. Alishinda karakanani hana raha. Vyuma vilikataa kushikana. Hakwenda hata kunywa kahawa. Mama Kahawa ndiye aliyemvushia kikombe, akakiweka juu ya meza ya kazi, akaondoka.

Jioni alifungua mlango polepole. Mama alikuwa amekaa kitandani, miguu chini.

— Hawa wamepata chanjo?

— Sijui, mama. Sikuuliza.

— Hukuuliza. Kesho nenda kwa bwana mifugo. Na maranda haya yameshika unyevu, yanuse mwenyewe. Yote nje. Leta mapya nikusaidie kumwaga.

Akashika ukingo wa kitanda, akasimama.

Cheche alipolieleza benchi jambo hilo, hakuna aliyetia chumvi. Wembe alisema tu, "Mama huyo!", akarudi kunyoa, na kwa mara ya kwanza mteja wake alinyolewa kwa amani.

Dawa ya chanjo ikaja, ikachanganywa kwenye maji yao ya kunywa. Vifaranga wakaota manyoya, wakaanza kuruka wavu na kutua juu ya mito. Hapo Cheche akajenga banda uani, la vyuma na mabati, limeinuliwa kutoka ardhini, wavu mdogo ili panya wasipite. Mama aliongoza ujenzi kutoka mlangoni. Baadaye aliongoza kutoka kwenye kigoda uani. Baadaye kigoda kikawa cha kuwekea chakula cha kuku, na yeye anazunguka na fimbo yake, anawaita kwa mlio wa ulimi ambao Cheche aliukumbuka kutoka utotoni, mama alipowaita watoto wa shule waje na sahani zao.

Neno la kurudishwa lilikuwa limepotea. Cheche, kwa woga, akalitafuta mwenyewe.

— Mama, nikutafutie gari la kukurudisha?

— Lini?

— Hata wiki hii.

— Wiki hii? Na hawa niwaache na nani, wewe?

Cheche alipolisimulia hilo benchini, Mama Kahawa alizunguka na birika akajaza vikombe vyote, hata vya waliokuwa hawajaomba.

— Cheche, Profesa akasema, mimi nina watoto wanne. Nikizeeka, naomba uje uwafundishe.

Basi asubuhi moja kijiwe kilikuwa kimepamba moto kuhusu kuku kulala juu. Wembe alidai kuku akilala juu sana anaota ndoto za tai. Profesa alisema kuku haoti, anakumbuka. Mama Kahawa ndiye aliyegeuza kichwa kwanza, akaacha kumimina.

Barabara ilikuwa inavukwa na mwanamke mwembamba, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, fimbo mkono mmoja, kuku mwekundu kwapani. Mwendesha baiskeli alisimama kumpisha.

Cheche akaruka kutoka kwenye benchi.

— Mama! Umevukaje?

— Kwa miguu.

Benchi lote likasimama. Wembe alitoka na kitana mkononi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Akawatazama mmoja mmoja. Nyie ndio wenye maneno ya kuku?

— Tunajitahidi, mama, alisema Profesa, akinyoosha kola.

— Vizuri. Nimemtazama huyu siku nyingi, roho inasema hivi, macho yanasema vile. Niambieni. Ni jike au dume?

Profesa akainama akachunguza miguu. Wembe akainua bawa, akalishusha. Mama Kahawa alikigusa kishungi, akatikisa kichwa kama mtu anayejua, kisha akaacha kutikisa. Cheche alijaribu kukumbuka muuzaji alisema nini, akakumbuka kwamba muuzaji alisema "vifaranga". Kuku naye aliwatazama, jicho moja kwa kila mmoja.

Mkaa ulipasuka kwenye jiko.

— Basi nitasubiri, alisema mama.

Akaegemeza fimbo ukutani, akakaa kwenye benchi, akamweka kuku wake mapajani, na Cheche akasogea kumpa nafasi.