Mikanda ya Sindano na Vidato Arobaini na Vinne

Marehemu baba yetu, ambaye wateja walimwita Sindano, alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa tatu kati ya sita, katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha uzi. Alimaliza darasa la saba mwaka 1968. Alitamani kuendelea; nafasi haikupatikana.

Mwaka 1971 mjomba wake alimfundisha kushona magodoro ya sufi. Kwa miaka arobaini na miwili alichambua sufi kwa mikono, katika karakana isiyo na dirisha. Wengi walilala vizuri kwa gharama ya mapafu yake, na hakuna aliyewahi kumpa hata barakoa.

Tarehe 12 Juni 1982 alimwoa mama yetu, karani wa posta, aliyerudisha godoro mara tatu akidai lina bonde. Mama anakiri leo kwamba mara mbili za mwisho bonde halikuwepo.

Mwaka 2013 aliambiwa ana ugonjwa sugu wa mapafu. Kufikia 2022 vidato arobaini na vinne vya ngazi ya kwenda nyumbani kwake ghorofani vilimshinda. Akawa analala chini, karakanani, mkewe juu. Hakutaka kingine ila kurudi kitandani mwake.

Kliniki ikampa mazoezi. Alibandikwa pedi mapajani, umeme mdogo ukakaza misuli huku akikanyaga baiskeli isiyokwenda popote, ili miguu ipate nguvu bila kumaliza pumzi.

“Miguu inacheza ngoma nisiyoisikia,” alimwambia mtaalamu.

“Wewe kanyaga tu, mzee.”

Pedi zilikuwa zimechakaa, hazishiki. Mpya ziliagizwa, hadi leo hazijafika. Sindano, kwa kuchoka kusubiri, alishona mikanda kumi na miwili ya kitambaa cha godoro kuzifunga, yake na ya wagonjwa wenzake.

Tarehe 18 Novemba 2023 alipanda. Kwenye kidato cha thelathini mama akamsihi, “Baba watoto, kaa kidogo.”

“Nikikaa, wapangaji watadhani nimehamia hapa.”

Akakaa. Kisha akafika.

Alilala kwake usiku sabini na nane. Jumapili, tarehe 4 Februari 2024, alfajiri, pumzi ilimwishia kitandani mwake, mkono wa mkewe ukiwa mkononi mwake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Mikanda yake bado inatumika kliniki.

Pumzika sasa, Baba. Ngazi zimekwisha.