Kibanda cha Kijani na Kisanduku cha Kumi na Tisa

RISALA YA MAWAKILI NA WATUMISHI WA OFISI YA UTETEZI WA UMMA, KAUNTI YA BIRKELAND, KWA MGENI RASMI, MHESHIMIWA SENETA LORETTA BRINKHAUS, MWENYEKITI WA KAMATI YA SHERIA YA BARAZA LA SENETI LA JIMBO, SIKU YA KUFUNGUA VYUMBA VIPYA VYA MASHAURIANO, TAREHE 11 MACHI

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Seneta Brinkhaus,
Waheshimiwa mlioambatana naye,
Majirani na wenzetu,

Umefika kwetu kwa barabara yenye theluji hadi magotini, na hukuomba udhuru. Tunakushukuru. Kahawa iko nyuma ya ukumbi, na viazi vya oveni vya karani wetu Delphine viko chini ya kitambaa. Tutakula baada ya risala hii, kama hamu ya kula itakuwa bado ipo.

Tulikotoka

Ofisi hii ilianza na mawakili wawili na meza moja. Leo tuko watano, na tunawatetea watu wasio na uwezo wa kuajiri wakili katika kaunti tatu. Hadi juma lililopita hatukuwa na chumba cha faragha. Mteja wetu alisimulia jambo zito kuliko yote maishani mwake akiwa amesimama kwenye korido ya mahakama, kati ya mashine ya soda na mlango wa choo, huku watu wakipita na kusema samahani.

Vyumba viwili utakavyofungua leo vina milango. Kwa watu wengine mlango ni mlango tu. Sisi tuliufunga na kuufungua mara kadhaa siku ya kwanza, tukitazamana.

Tunayojivunia

Mheshimiwa, kila Jumanne mahakama yetu husikiliza mashauri madogo kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Kwa kawaida huwa na watu ishirini na sita. Ukigawa, kila mtu anapata dakika saba za wakili wake.

Ili dakika hizo zitoshe, mwaka juzi tulibuni njia yetu. Mshtakiwa anayekiri kosa hujaza fomu yenye visanduku ishirini na saba, na katika kila kisanduku huandika herufi za mwanzo za jina lake kuthibitisha kwamba ameelezwa na ameelewa. Tukaanza kubandika vibandiko vidogo vya njano kwenye kila kisanduku jioni ya Jumatatu, kabla hatujaonana na mteja, ili kalamu yake ijue pa kwenda. Kesi zikaenda mbio. Ofisi kuu ya jimbo ikatupa cheti, na cheti hicho kilitundikwa hapo ukutani, kwenye msumari unaouona mtupu.

Tumekiondoa wenyewe.

Kilichotushtua

Tunaloeleza sasa tunalieleza kwa idhini ya maandishi ya mteja wetu, Bwana Wendell Aaker, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye miaka sitini na mitatu. Msomaji wa risala hii, wakili mwenzetu Sigrid Halloran, ameomba atajwe kwa jina kama mtu mwingine yeyote. Ameomba pia asome yeye. Tulibishana naye, akatushinda.

Jumamosi moja ya Januari, mchana kweupe, Wendell alikuwa kwenye Ziwa Otterhide akivua samaki kwenye tundu la barafu, ndani ya kibanda chake cha kijani kilichosimama juu ya barafu hiyo. Anameza vidonge vya kupunguza maji mwilini, na vidonge hivyo havimpi mtu nafasi ya kujadiliana navyo. Akatoka, akazunguka nyuma ya kibanda, akajisaidia. Mheshimiwa, wewe umezaliwa jimbo hili. Unajua kwamba nyuma ya kibanda ndiko choo cha ziwa zima, tangu enzi za babu zetu.

Siku hiyo klabu ya shule ilibadilisha njia. Watoto tisa wa miaka kumi na miwili wakatokea nyuma ya vichaka, wakiteleza juu ya theluji kwa mbao zao, na mama mmoja, Tess Okerlund, akiwa nyuma yao. Alimwona Wendell, akaona binti yake anatazama, akapiga simu. Hatumlaumu hata kidogo. Mama asiyepiga simu ndiye wa kulaumiwa.

Sheria yetu inasema kwamba mtu anayejiweka uchi mbele ya mtoto wa chini ya miaka kumi na sita, kwa makusudi na kwa nia ya ashiki, atafungwa hadi mwaka mmoja. Ataandikwa katika daftari la wahalifu wa ngono kwa miaka kumi. Hataishi ndani ya mita mia tatu kutoka shule, bustani ya watoto au kituo cha kuwalelea. Nia ya ashiki ndiyo moyo wa kosa hili, na bila nia hiyo hakuna kosa. Utetezi wa Wendell ulikuwepo: barua ya daktari, wavuvi wawili wa kibanda jirani, na ule mgongo wake aliowapa watoto wote tisa. Utetezi huo ungetosha. Ulihitaji tu mtu wa kumwuliza.

Jumanne ile alikuwa wa kumi na nane kwenye orodha. Sigrid alimkuta kwenye korido, kofia mkononi, uso umemwiva kwa aibu. Alimwambia kwamba mwendesha mashtaka yuko tayari kufuta kifungo iwapo atakiri. Wendell hakuuliza kuhusu daftari, kwa sababu hakujua kama lipo. Aliuliza jambo moja.

"Binti, nikitia sahihi, narudi nyumbani leo?"

"Leo hii, mzee," Sigrid akamjibu.

Na alirudi. Alifuata vibandiko vya njano kimoja baada ya kingine, W.A., W.A., W.A., mara ishirini na saba, mwandiko ukizidi kuwa mbaya kadiri alivyoshuka. Kisanduku cha kumi na tisa kinasema: nimeelezwa kwamba kosa hili linaweza kunitaka nijiandikishe. Hakuelezwa. Wakili wake alikuwa anamtafuta mtu wa kumi na tisa. Hukumu ikatolewa asubuhi ileile.

Siku ya tisa barua ikafika. Mke wake, Verna, huwalea watoto sita wa majirani katika nyumba yao, kwa leseni, mwaka wa ishirini na mbili huu. Barua ilisema Wendell aondoke kabla ya jua kuzama, au leseni ifutwe na yeye akamatwe.

Verna alikuja ofisini kwetu na barua hiyo, akiwa bado amevaa aproni yenye uji wa mtoto. Hakupaza sauti. "Miaka thelathini na minane nimelala na mtu huyu," alisema, "leo mnaniambia ni hatari kwa watoto wanaolala chumba cha pili. Basi niambieni, mimi nilikuwa nimelala usingizi gani?"

Sigrid alitoa faili. Alifungua fomu kwenye kisanduku cha kumi na tisa, akaona herufi mbili na juu yake kibandiko cha njano bado kimekaa vizuri, hakijakunjika hata pembe. Delphine anasema alimwona akikaa sakafuni na koti lake, kama mtu aliyesikia habari ya msiba. Tulimzunguka, kila mmoja akiwaza faili zake. Tangu siku hiyo tumefungua fomu mia mbili na nne za miaka miwili. Zilizokiri makosa yenye daftari ni kumi na moja. Watu wote kumi na mmoja tumewatafuta, na tisa wametuambia kwamba walilijua daftari kwa barua, si kupitia kwetu.

Mgeni rasmi, hatujapona.

Tukapima ramani ya mji. Ukiondoa mita mia tatu za kila shule, kila bustani na kila kituo, haikubaki nyumba ya kupangisha hata moja. Kilichobaki ni kiwanda cha mbao, makaburi, na ziwa. Kwa hiyo Wendell yuko ziwani. Katika daftari la sherifu, anwani yake imeandikwa hivi: Ziwa Otterhide, upande wa kaskazini, kibanda cha kijani.

Wavuvi humtania. Mmoja alimwambia, "Mzee, sisi tunakuja huku kuwakimbia wake zetu, wewe umeletwa na serikali," naye alicheka mpaka akakohoa. Verna humpelekea chakula ufukweni watoto wakishachukuliwa na wazazi wao. Hula pamoja ndani ya gari, injini ikiwaka.

Sigrid alimfuata kule kwa miguu. Wendell alimgeuzia ndoo ya chambo akalie.

"Safari hii una dakika ngapi, wakili?"

Alikaa hadi jua likazama. Hapo ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza habari za vidonge.

Tumeomba mahakama imruhusu kuondoa ukiri wake. Kabla ya hukumu lingekuwa jambo jepesi, lakini baada ya hukumu ni lazima tuthibitishe kwamba haki imepotoka waziwazi, na tutathibitisha kwa kujishtaki wenyewe. Tess Okerlund amekubali kutoa ushahidi. Alikuja bila kuitwa, akatuambia maneno ambayo tumeyaandika kama alivyoyasema: "Mimi niliita askari wamwambie achague mahali pengine. Sikuwaita wamfukuze kwa mkewe."

Shauri limepangwa kusikilizwa tarehe ishirini na mbili Mei.

Na jimbo letu, Mheshimiwa, lina sheria nyingine, nzuri kabisa, ya kuwalinda watu wasizame: vibanda vyote viondolewe kwenye barafu ifikapo tarehe kumi na saba Machi. Leo ni kumi na moja. Sheria moja imemtoa nyumbani, nyingine itamtoa barafuni, na asipokuwa na anwani ya kuandika daftarini, sheria ya tatu itamfunga.

Tunachoomba

Hatuji kwako kuomba sheria za makosa ya ngono zilegezwe. Mbakaji katika jimbo hili hufungwa hadi miaka thelathini, na hatuombi ipunguzwe hata siku moja. Aliyemgusa mtoto hawezi kujitetea kwamba hakujua umri wake, na hilo hatuligusi. Sisi pia tuna mabinti, na baadhi yetu tumekuwa mabinti walioumizwa. Ndiyo maana inatuuma kuona daftari lililowekwa kwa ajili ya mbwa mwitu likijazwa na watu walioshikwa na mkojo. Mzazi akilisoma, hajui amwogope nani.

Katika kamati yako kuna muswada wenye sentensi moja: mtu anayepinga ukiri wake asihamishwe nyumbani kwake hadi mahakama itakapoamua, endapo mwathirika haishi hapo na jaji hajaona hatari. Muswada huo umelala tangu Novemba. Tunaomba uuamshe kabla ya tarehe kumi na saba.

Tunaomba pia kisanduku cha kumi na tisa kisomwe na jaji mwenyewe, kwa sauti, mshtakiwa akimtazama usoni. Na tunaomba mawakili wawili, ili dakika saba ziwe angalau ishirini. Milango tumeshapata. Sasa tupe muda wa kuifunga.

Kwa upande wetu, vibandiko vyote tumevitupa, isipokuwa kimoja. Utakikuta kwenye nakala ya muswada tuliyoiweka mbele yako, mahali pa sahihi ya mwenyekiti.

Tafadhali, usitie sahihi kwa sababu kibandiko kipo. Kaa katika kimojawapo cha vyumba utakavyofungua, funga mlango, usome kwanza. Ukimaliza kusoma, ukiwa na swali, Wendell Aaker amekaa safu ya mwisho, karibu na radiata, kofia mkononi. Sherifu amempa ruhusa ya kuwa hapa mpaka saa nane.

Mungu akurudishe salama kwa barabara uliyojia, na awape amani wote wanaoogopa barua za kesho.

Ni sisi,
Mawakili na Watumishi wa Ofisi ya Utetezi wa Umma,
Kaunti ya Birkeland