Ema Ndama na Waliomfungulia Koo

Wazee wetu shikamooni, mama zetu shikamooni, vijana wenzangu mnanijua, na ninyi mliotoka Babati na Arusha mkiwa mmevaa fulana zenye uso wa marehemu, karibuni Bashay, ila msisogelee sana zizi, ng'ombe wetu hawajazoea kupigwa picha.

Anayewasomea ni Wolfgang, mpwa wa marehemu, dereva wa pikipiki asiyepitwa na mtu kati ya hapa na Mbulu mjini, elimu yake kidato cha pili na hakurudi kuuliza matokeo, na amepewa kazi hii kwa sababu wasomi wote wa ukoo, walipoombwa kushika kipaza sauti, walishikwa na mafua. Kamati ya msiba ilimpa maneno yaliyo tayari, kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, kisha watu waende kunawa mikono wale. Ni maneno mazuri, yatamfaa mtu mwingine siku nyingine, leo mtasomewa ya huyu.

Emanuel Nikolausi Tluway, ambaye ninyi mlimwita Ema Ndama, alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Juni 1986 hapa hapa Bashay, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa mwisho wa mzee Nikolausi Tluway na mama Natalia, ambao wote wametangulia, na alizaliwa nyumbani kwa sababu ukungu wa mwezi wa sita ulikuwa mzito, aliyetumwa kumwita mkunga akapotea njia akarudi mchana na mkunga wa kijiji kingine, kazi ikiwa imeshakwisha. Mama Natalia alifariki mwaka 1992, na tangu hapo mama wa Emanuel akawa dada yake mkubwa, Restituta, msichana wa miaka kumi na mitano, aliyeacha shule kabla ya mtihani wa darasa la saba ili ampikie mdogo wake, amfulie, na ambebe mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikawa inaburuza chini.

Restituta ndiye yule aliyekaa peke yake karibu na jiko, mwenye kitenge cha kijani, mama mzazi wa msomaji wenu, ambaye tangu msiba uanze kina mama wa mtaa huu wanamenya viazi wakimzunguka kwa mbali na kila akishika mwiko kuna mtu anaupokea kwa haraka. Mnasema amemuua mdogo wake. Mnasema alimfungia ndani, akamnyima watu, akamnyima dawa, ili ale mali ya nyimbo na kubaki na shamba, na Jumatano hii kuna kikao cha ukoo, ambacho hata watoto wa shule wanajua ajenda yake, nayo ni kumtoa Restituta katika nyumba hii na shamba hili. Basi sikilizeni historia yote, mkifika Jumatano msiseme hamkusomewa.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1994 hadi 2000, akachaguliwa kuendelea na sekondari, akafika kidato cha pili mwaka 2002, ambacho kama mnavyoona ndicho kilele cha elimu kwa wanaume wa nyumba hii, na aliondoka kwa sababu mwalimu alikuwa akifundisha huku yeye akiimba, na darasa lilimsikiliza mmoja tu. Mwaka 2003 alikwenda Gehandu, wilaya ya Hanang, kuchunga ng'ombe wa familia moja ya wafugaji, na huko alijifunza kuimba kwa pumzi ndefu kama mtu anayemwita ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde, akatunga wimbo wa ndama aliyekataa kuachishwa ziwa, ndio huo uliompa jina.

Tarehe 12 Agosti 2006, huko Mogitu, aliimba kwenye harusi kwa mara ya kwanza mbele za watu, akiwa na umri wa miaka ishirini na hajawahi kuonja pombe, na kabla ya kuanza, koo likiwa limekauka kwa woga, aliomba maji. Hapo akasimama baba yake mdogo, mzee Joakimu Tluway, mwenyekiti wa kikao cha ukoo, yule pale mbele kwenye kiti chenye mto, shikamoo babu, endelea kukaa, akachukua kibuyu cha pombe akamwekea mdomoni huku akisema, "Mwimbaji hafunguliwi koo kwa maji." Watu wakacheka, kijana akanywa, akaimba mpaka bibi harusi akasahau kulia, na tangu siku ile neno la babu likawa sheria katika kila sherehe kuanzia Mbulu mpaka Katesh, hakuna aliyemwita Emanuel aimbe bila kwanza kumfungulia koo, na wala hakuna aliyejiuliza hilo koo linafungwa lini.

Wimbo wa ndama ulirekodiwa Babati mwaka 2011, ukaingia kwenye flash, flash zikaingia kwenye mabasi, na kufikia mwaka 2014 marehemu alikuwa amepanda majukwaa ya Arusha, Dodoma na Dar es Salaam, akiimba Kiiraqw mbele ya watu wasioelewa neno hata moja nao wakilia. Wapenzi wake hawakumtunza kwa maua, hapa kwetu nani ana habari na maua, walimpangia chupa mbele ya spika, na aliyepanga nyingi ndiye aliyetangazwa jina. Wengi wenu hapa mmetangazwa. Mlipenda sana kutangazwa.

Tarehe 17 Novemba 2012 alifunga ndoa na Violeth, binti wa Mogitu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Getruda aliyezaliwa 2013 na Maximilian aliyezaliwa 2016, ambao wote wako hapa na mama yao. Mwaka 2020 Violeth alirudi kwa wazazi wake na watoto, mkasema amekimbia kwa sababu mume hana kitu tena, wakati ukweli ni kwamba aliondoka siku ambayo Maximilian, akiwa na miaka minne, aliigiza jinsi baba anavyoanguka mlangoni, na wageni wote waliokuwepo wakacheka, wakamwomba mtoto arudie.

Mwaka 2021 madaktari walimweleza marehemu kwamba ini limeharibika na kwamba akiendelea kunywa hatafika mbali, akaitikia, akaendelea, na ilipofika Januari 2024, mwezi mmoja tu baada ya maporomoko ya tope ya Katesh, Restituta aliletewa habari kwamba mdogo wake analala kwenye stoo ya ukumbi mmoja wa pombe, akifagia asubuhi na kuimba jioni. Hakuitisha kikao. Alipanda lori lililokuwa limeshusha vitunguu saumu, akamkuta amelala juu ya makreti, akamwambia twende nyumbani, na marehemu akanyanyuka, maana kati ya watu wote duniani ni huyo mmoja aliyewahi kumwamuru akatii.

Nyumbani penyewe ni hapa. Restituta alirudi hapa mwaka 2009 baada ya kufiwa na mume wake, akamuuguza mzee Nikolausi kwa miaka minane, na mzee kabla ya kufa mwaka 2017 alimwachia nyumba na shamba mbele ya wazee, babu Joakimu akiwa mmojawapo, naye aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Basi ikawa habari imeenea kwamba Ema Ndama yuko Bashay, wageni wakaanza kumiminika, na kwa kuwa sisi hatuendi kumwona mtu mkubwa mikono mitupu, kila mmoja alikuja na kile alichojua mwenyeji anakipenda, wengine kwenye chupa, wengine kwenye dumu, mmoja aliificha ndani ya mkate. Restituta alisimama langoni kwa mwaka mmoja na nusu. Aliwaamkia vizuri, akawauliza habari za mifugo, kisha akawaambia neno moja tu: "Mkimpenda, mleteeni maziwa." Mkaondoka na chupa zenu mkimwita mchoyo, mchawi, askari magereza, na aliyerudi na maziwa alikuwa mmoja. Wakati huo ndani ya lango huyo mfungwa alikuwa anakula ugali hadi anaomba ukoko, mashavu yamerudi, anang'oa vitunguu saumu huku anaimba, koo kavu kabisa, na msomaji wenu, ambaye amesikiliza muziki mzuri kuliko ninyi nyote, anathibitisha kwamba marehemu hajawahi kuimba vile hata siku moja.

Julai mwaka huu babu Joakimu alikuja kuomba mwimbaji wa harusi ya binti yake, Judica. Restituta alikataa, akakataa tena, ndipo akaambiwa na wazee kwamba kumzuia mwimbaji kwenye harusi ya mtoto wa ukoo ni kuilaani ndoa, na marehemu naye akaomba, akasema ataimba nyimbo mbili na kunywa maji. Dada akakubali kwa sharti hilo, na babu alilipokea sharti kwa kichwa na kwa mdomo. Jumamosi tarehe 2 Agosti 2025 harusi ikafanyika, Restituta akapelekwa nyuma kupika pilau, marehemu akaimba wimbo wa kwanza kwa maji, watu wakapiga vigelegele, na kabla ya wimbo wa pili akasimama mtu na kibuyu, akasema lile lile la Mogitu.

Video ipo. Ilipigwa kwa simu ya mtu wa nyumba ile ile ya harusi na kurushwa mtandaoni kabla pilau haijaiva, na inaonyesha marehemu akitikisa kichwa, akitazama kule jikoni, kisha akipokea. Chini yake mliandika kwamba ndama amerudi malishoni, mkaweka na vichwa vya ng'ombe na mioyo, na kijana mmoja mwenye fulana pale, msomaji wenu hatamtaja jina, aliandika: mwongezee babu. Kijana huyo huyo, chini ya video hiyo hiyo, wiki mbili hazijaisha, ameandika kwamba mlevi alionywa akakaidi. Mwingine ameandika bora amekufa, watoto wetu walikuwa wanamwiga. Mhubiri mmoja amemfanya somo. Ukumbi mmoja wa Katesh umefanya usiku wa kumkumbuka, bia mbili kwa bei ya moja. Na wale waliochoka kumlaumu yeye wakamgeukia dada yake, kwa sababu dada hana mtandao, hawezi kujibu.

Marehemu alipitishwa meza kwa meza mpaka jioni, na alipoletwa nyumbani alikuwa amebebwa. Jumapili tarehe 10 Agosti alianza kutapika damu, akakimbizwa hospitali kwa pikipiki ya msomaji wenu, dada yake akiwa nyuma amemkumbatia, na alifariki Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025 asubuhi, wauguzi wakiwa wanabadilishana zamu. Kabla ya hapo alimshika dada yake mkono, akasema, "Dada, wasilaumiwe. Kiu ilikuwa yangu." Restituta akaahidi, na ndiyo sababu siku zote hizi mnamtemea maneno naye anatazama chini, mkadhani ni hatia inamsumbua. Msomaji wenu alikuwepo, amesimama miguuni pa kitanda. Yeye hakuombwa ahadi.

Kiu ilikuwa yake, familia haipingi, na mkono uliopokea ulikuwa wake, hakuwa mtoto mdogo. Lakini kibuyu hakina miguu, babu. Kuna aliyekibeba kutoka kwenye meza hadi mdomoni mwake, mara ya kwanza akiwa hajui pombe ni nini na mara ya mwisho akiwa anajua itamfanya nini, na mtu huyo hawezi kuwa mwenyekiti wa kikao cha kumhukumu aliyekuwa anakizuia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia bila kumuuliza kwa nini, inamshukuru jirani Marieta, ambaye ndiye yule mmoja wa maziwa, na madereva wa pikipiki wa kijiwe chetu waliochimba kaburi baada ya vijana wa ukoo kuumwa migongo wote siku moja. Inamshukuru Violeth kwa kuwaleta watoto wamuage baba yao. Mashabiki mnashukuriwa kwa fulana, zitasaidia wakati wa palizi. Mwenye ukumbi ashukuriwe na wateja wake. Babu Joakimu tunakushukuru kwa kuja, na kwa kumlea marehemu kwa namna ulivyoijua.

Ratiba ya kamati inasema udongo wa kwanza utarushwa na mwenyekiti wa ukoo. Ratiba hiyo imebadilika, babu, kaa, mto usipoe. Mama, acha hilo sufuria, watapika wenyewe, njoo mbele, na mwenye neno la kumzuia aje aliseme hapa kwenye kipaza sauti, watu wote wamsikie, si kwenye simu.

Na wewe Emanuel, uliyemwomba dada yako anyamaze, utusamehe, amenyamaza yeye tumesema sisi. Lala kwa amani, mjomba. Restituta yuko hapa, na haondoki.