Chanjo ya Kasisi

Kijiwe chetu kipo Newala, nyuma ya soko, kati ya karakana ya baiskeli na ukuta wa ghala la korosho. Benchi ni moja, refu, limelegea upande mmoja, kwa hiyo anayekaa mwisho wa kushoto huinuka kwa taarifa asije akamwangusha mwenzake. Mimi ndiye mwenye birika. Naitwa Mama Ashraf, nauza kahawa na kashata, na kazi yangu ya pili ni kusikiliza. Wateja wa kila asubuhi ni watatu. Bwanali tunamwita Dokta, maana alilinda geti la zahanati miaka ishirini na miwili, na anaamini elimu hutoka ndani ya jengo ikamwingia aliyesimama karibu. Filemoni, fundi baiskeli, ni Spoku. Wa tatu ni mzee Reginald, mtunza kanisa, mpiga kengele. Huyo hatujathubutu kumpa jina la utani.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, ukungu bado umetanda, mzee Reginald alikuja amefunga vifungo vyote vya sweta, na sweta lenyewe linacheza.

— Shikamoo, Baba Winfrida.

— Marahaba, mama. Maziwa yapo?

— Kahawa yangu haina maziwa, wewe unajua.

— Si yangu mimi. Ni ya Kasisi.

Dokta akageukia barabarani, akidhani padri anakuja. Mzee akafungua kifungo kimoja. Kikatoka kichwa cha paka mdogo mweusi, shingoni ana duara jeupe safi, kama kola ya padri siku ya Jumapili.

— Nilimkuta ghalani kwangu, ndani ya gunia tupu. Mama yake sijamwona. Nimemchukua kwa ajili ya panya tu.

— Panya gani, mzee? Huyo, panya akimwona, atamwonea huruma, — akasema Spoku.

— Atakua. Lakini Kasisi anahara tangu juzi.

— Tafadhali badilisha jina kwanza! — Spoku akadakia. Mtu akipita akasikia nusu, habari itafika Masasi kabla ya saa sita.

— Unamlisha nini? — nikauliza.

— Maziwa ya ng'ombe. Paka si hunywa maziwa?

Dokta akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, jua zahanati imefunguliwa.

— Hapo ndipo ulipokosea. Maziwa ni ya ndama. Mpe ugali na mchuzi. Mchuzi uwe na vitunguu vingi, vinasafisha damu.

— Ugali! — Spoku akacheka. — Paka ni ndugu wa chui. Umeshaona chui anamega ugali? Mpe ng'onda, samaki mkavu mwenye chumvi yake.

— Samaki mkavu atamkausha. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimlea kwa ng'onda, atakuwa bapa.

— Basi nazi. Wahenga haohao walisema maji ya kifuu bahari ya chungu. Maana yake, kiumbe mdogo anatosheka na nazi.

— Hiyo methali ni ya sisimizi.

— Na paka ni mkubwa kiasi gani kwa tembo?

Mzee Reginald alikuwa anawasikiliza wote wawili, anaitikia kwa kichwa kama yuko ibadani. Nikapata wasiwasi. Miaka kumi mzee huyu hajaamini neno lililosemwa kwenye benchi lile, hata la bei ya korosho. Siku hiyo alikuwa anaamini kila kitu.

— Na chanjo je? — akauliza. — Binti yangu Winfrida amenipigia kutoka Masasi. Anasema paka achanjwe kichaa cha mbwa.

— Kichaa cha nini?

— Cha mbwa.

— Mzee wangu, — Dokta akasema kwa upole, — jina limejieleza. Cha mbwa. Kingekuwa cha paka wangekiita cha paka.

— Akiumwa na mbwa mwenye kichaa?

— Atapata kichaa cha kuazima. Cha kuazima hakikai.

— Mimi chanjo siitaki kabisa, — akasema Spoku. — Chiwata kulikuwa na paka, dume la kweli, alimaliza panya nyumba sita. Wakamchanja. Kesho yake panya ndio wanamkimbiza yeye. Sindano ilimtoa ukali wote.

— Hilo dogo, — akasema Dokta. — Kitangari kulikuwa na paka anajua Kimakonde tu. Akaja mtaalamu kutoka Dodoma, akamchanja. Mpaka leo ukimwita kwa Kimakonde hageuki. Mpaka umwambie, "Karibu tafadhali."

— Mwacha asili ni mtumwa, — Spoku akahitimisha, na wote wakanywa kahawa wameridhika.

Mzee akamrudisha Kasisi ndani ya sweta, akaondoka.

Siku ya pili hakuja. Ya tatu alikuja, lakini sweta halichezi. Alimtoa paka akamlaza mapajani. Macho yameingia ndani, manyoya yamesimama, shingo haibebi kichwa. Kasisi akajikunja, akatapika maji ya njano juu ya kandambili ya Dokta, na Dokta, ambaye kwa doa la kahawa tu hulalamika wiki nzima, hakusogeza mguu.

Hapo ndipo pikipiki iliposimama. Alishuka binti amevaa buti za mpira, nyuma amefunga kisanduku cha barafu. Tulikuwa hatujamfahamu. Alitaka kahawa.

— Shikamooni wazee. Shikamoo mama.

— Marahaba, mwanangu. Watokea wapi na buti hizo?

— Kitangari, kuchanja mbwa. Mimi ni Loveness, afisa mifugo mpya wa kata.

Kisha akamwona paka. Kahawa niliyommiminia hakuigusa. Alichuchumaa, akamvuta paka ngozi ya mgongoni taratibu. Ngozi ilisimama hivyohivyo, haikurudi haraka. Akainua uso.

— Tangu juzi amekula nini?

Swali lenyewe hilo tu. Mwalimu wa chekechea angeweza kuuliza. Mzee Reginald akamtazama Spoku, Spoku akamtazama Dokta, Dokta akanitazama mimi, nami nikatazama birika.

— Nauliza ili nimsaidie, wazee wangu. Siulizi kwa ubaya.

— Maziwa, — akasema mzee. — Na ugali. Na mchuzi wenye vitunguu, lakini huo kidogo, aliukataa, nikamlisha kwa kijiko.

— Na nazi? — akauliza Spoku kwa sauti ndogo.

— Na nazi. Na ng'onda niliyonunua kwa ajili yake.

— Jana nilipita kwako ukiwa kanisani, — Spoku akasema. — Nilimwachia ng'onda mwingine.

— Mimi nilimsagia kidonge, — akasema Dokta. — Robo tu. Sikumbuki cha nini.

Loveness hakupiga kelele. Ningependa apige, tungejitetea. Alisema tu kwamba maziwa ya ng'ombe ndiyo yaliyoanza kumharisha, chumvi ikamkausha zaidi, kitunguu ni sumu kwa paka, na dawa ya binadamu inaweza kumuua kwa robo hiyohiyo.

— Mchanje basi! — Dokta akasema. — Nimekosea. Mchanje sasa hivi!

— Mgonjwa hachanjwi, baba. Na huyu ana kama miezi miwili, kichaa cha mbwa tunachanja akifika mitatu. Kwanza aishi.

Alimpa sindano ya kumwongezea maji mwilini palepale kwenye benchi. Kisha akamwachia mzee bomba dogo la sindano, lisilo na ncha.

— Maji safi, matone machache kila baada ya dakika kadhaa. Akikubali hayo mpaka kesho, samaki wa kuchemsha, asiye na chumvi, asiye na mwiba, kiasi cha kidole gumba.

Kesho yake nilifunga biashara mapema, nikambebea mzee dumu la maji ya bombani niliyoyachemsha, maana kwake pale mlimani maji ni ya kusubiri foleni. Nilimkuta sebuleni ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto, paka kwenye kanga. Nilimfahamu mwenye kanga ile. Ilikuwa ya marehemu Ethel, mkewe, tuliyemzika mwaka jana mwezi wa nane.

— Amekubali matone, — akaniambia bila salamu. — Nimehesabu. Sabini na moja.

— Umelala?

— Nitalala.

Nikamimina maji kwenye bakuli. Akasema huku anamtazama paka:

— Mama Ashraf, mimi niliwadanganya. Panya sina. Korosho yote niliuza. Ila asubuhi huyu hunikanyaga tumboni mpaka niamke. Tangu Ethel aondoke, kengele nilikuwa naipiga kwa kuchelewa. Padri alikuwa ananyamaza tu.

Nilishika bomba, nikaendelea na matone, naye akalala palepale, kichwa ukutani. Alasiri Spoku akaja na kipande kibichi cha samaki aina ya changu, amekifunga kwa jani la mgomba, na Dokta akaja mikono mitupu, akaketi mlangoni akalinda. Kazi hiyo anaiweza kweli. Jirani aliyeleta mkojo wa mbuzi kama dawa hakupita.

Tukachemsha samaki. Kasisi akamnusa, akageuza uso. Tukangoja. Akanusa tena, akalamba, akala kipande chote cha kidole gumba, halafu akauma kidole chenyewe cha Spoku. Hatujawahi kumwona mtu akifurahia kuumwa namna ile.

Wiki ya pili akapewa dawa ya minyoo. Mwezi ukapita. Chakula chake kikawa samaki wa kuchemsha, maini kidogo, yai siku mojamoja, na maji kwenye bakuli lake. Mtu akileta ushauri kijiweni, Dokta humkatiza:

— Umemwuliza afisa?

Loveness alirudi Alhamisi moja na kisanduku chake. Alikuwa pia ameagiza kutoka Mtwara chanjo nyingine ya paka, ya mafua na kuhara, akasema ikifika atampigia mzee. Siku hiyo ilikuwa ya kichaa cha mbwa. Spoku alijitolea kushika miguu ya nyuma. Sindano ilipoonekana, paka alitulia. Aliyeanguka ni Spoku, kutoka mwisho wa kushoto wa benchi, na Dokta naye akamfuata kwa sababu hakupewa taarifa.

— Tayari, — Loveness akasema. Akatoa kadi. — Jina, Kasisi. Rangi, mweusi, shingo nyeupe. Jinsia, jike.

— Nini? — tukauliza wote.

— Jike. Mlikuwa hamjui?

Mzee Reginald akamwinua paka, akamtazama usoni kwa heshima mpya.

— Jina libaki, — akasema. — Ameshalizoea.

— Sawa. Chanjo hii hurudiwa kila mwaka. Mwakani mwezi kama huu, nani atamleta?

Spoku alikuwa bado anajipangusa vumbi, Dokta anatafuta kandambili. Mzee hakumngoja mtu.

— Andika mimi. Mwakani nitamleta mwenyewe.

Loveness akaandika. Mzee akaipokea kadi kwa mikono miwili, akaipuliza wino ukauke, akaitia katikati ya kitabu chake cha nyimbo. Kisha akafunga vifungo vya sweta, akaniachia kahawa nusu kikombe, akawahi sokoni kabla samaki wazuri hawajaisha.